Madoa ya maji kwenye rangi ya gari: siki, klei, polishi au rangi mpya?

Osha gari kwa maji ya kisima saa sita mchana, liache likauke lenyewe, na jioni utakuta boneti limejaa vidoa vya duara, vyeupe pembeni, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa tone lililokiacha. Kesho yake unaosha tena na vidoa vipo pale pale. Ukianza kuuliza, kila mtu ana dawa yake: paka siki, paka dawa ya meno, peleka kwa fundi akapige mashine, piga rangi upya boneti zima. Ukiacha ile ya meno, dawa zote hizo zina mahali pake. Tatizo ni kwamba kila moja inafaa doa la kina fulani. Ukiitumia kwa doa lisilo lake, unapoteza hela, au unapoteza klia, lile tabaka la juu kabisa la rangi linalong'aa, na klia ikishaondoka hairudi.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na kina cha doa. Bei na mng'ao vitafuata.

Doa limeingia kiasi gani?

Maji ya kisima, na hata ya bomba katika mitaa mingi, yana kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka. Maji yakikauka, madini hayo yanabaki juu ya rangi kama utando wa kalsiamu kaboneti, ule ule unaoganda ndani ya birika la chai. Pwani kunaongezeka chumvi: visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vimeingiliwa na maji ya bahari, na gari linalovuka kwa pantoni kila siku linapata rasharasha za bahari hata kabla halijaoshwa. Kwenye ardhi ya volkano, kuanzia pande za Meru na Kilimanjaro hadi Bonde la Ufa, maji ya chini ya ardhi hubeba silika zaidi, na silika ni kaidi kuliko kalsiamu.

Sasa tazama kinachopokea madini hayo. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile isiyo na rangi inayong'aa na kukinga jua. Tabaka zote za kiwandani kwa pamoja huwa kama maikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una kama maikroni 70. Kwa hiyo kitu chote unachokipigania hapa ni chembamba kuliko unywele, na hesabu ya kila njia nitakayoitaja inaanzia hapo.

Kwa kina, madoa ni ya aina tatu. Doa la kwanza limekaa juu ya klia tu. La pili limekula klia: madini yaliyokolea, bati lenye joto na siku nyingi za jua vimeacha kishimo, na hata ukitoa weupe wote kishimo kinabaki. La tatu limepita klia, na rangi ya chini imepauka au imeanza kuchunika. Wengi husema tone la maji huunguza rangi kwa kukusanya mwanga kama lenzi. Sivyo. Tone limelala juu ya bodi, halina umbali wa kutosha kuukusanya mwanga hadi uwe nukta ya kuunguza. Kinachoumiza ni madini yaliyobaki na joto la bati.

Namna ya kupima ni hii. Peleka gari kivulini, subiri bati lipoe kabisa, osha, kausha. Chukua kipande cha kitambaa laini, kilowanishe kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kilaze juu ya doa moja kwa dakika moja hivi, kisha futa, suuza na kausha. Washa tochi ya simu na uishike pembeni, mwanga upite juu ya bodi kwa mlalo, si kwa kushuka kutoka juu. Ukiona duara limetoweka na mwanga unapita bila kukatika, doa lilikuwa juu tu. Ukiona weupe umetoka lakini umebaki mduara hafifu wenye ukingo unaoushika mwanga, klia imeliwa. Pitisha ukucha polepole kwenye ukingo huo. Ukikwama, polishi italipunguza doa, haitalimaliza. Na kama doa halikubadilika hata kidogo, likabaki jeupe na gumu vile vile, shuku silika: asidi ya siki haiiyeyushi, na utahitaji klei, donge laini la kung'olea uchafu, au polishi ya kulikwangua.

Fanya kipimo hiki sehemu tatu tofauti, hasa boneti, paa na ubavu wa mlango. Paa na boneti vinalala chali juani, na mara nyingi doa la pili huanzia huko wakati milango bado ina doa la kwanza. Gari moja linaweza kuhitaji dawa mbili.

Siki na unga wa ndimu dhidi ya dawa ya dukani

Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Inayeyusha kaboneti, na ukiangalia kwa karibu kwenye doa nene utaona vipovu vidogo vinapanda. Unga wa ndimu, ule wa kwenye pakiti unaotiwa kwenye achari na juisi, ni asidi ya sitriki, na unafanya kazi ile ile. Kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji kinatosha kuanzia. Kati ya hivi viwili nachagua unga wa ndimu: hauachi harufu kwenye gari, na unapima mwenyewe nguvu unayoitaka. Ndimu mbichi iache jikoni. Ina sukari na nyuzi zinazonata, na huwezi kujua ukali wake.

Masharti ya zote mbili ni mamoja. Fanya kivulini, paneli moja moja, usiruhusu ikaukie juu ya rangi, kisha suuza kwa maji mengi na shampuu ya gari. Usipake penye mkwaruzo uliofika kwenye chuma, maana asidi itaharakisha kutu. Na ujue kwamba nta yoyote iliyokuwepo itapungua au kuondoka, kwa hiyo kazi haijaisha mpaka urudishe kinga.

Dawa ya madoa ya maji inayouzwa madukani nayo ni asidi, ila imetengenezwa kwa ajili ya rangi ya gari. Baadhi ni jeli, na hapo ndipo inapoipita siki waziwazi: kwenye mlango au ubavu wa nyuma siki inatiririka chini kabla haijafanya kazi, jeli inakaa. Inafaa pia kwa madoa ya miezi mingi ambayo siki inayagusa nusu. Lakini soma kopo kabla ya kununua. Ukiona asidi ya haidrofloriki au amonia baifloridi, rudisha kwenye rafu. Hizo zinapenya ngozi na kudhuru hadi ndani ya mwili, na zinakula kioo. Kazi ya namna hiyo inataka mtu aliyefundishwa, mwenye vifaa vya kujikinga.

Asidi ya kusafishia choo na maji ya betri sitavilinganisha na chochote, havifai kugusa rangi ya gari. Vile vile usichanganye asidi yoyote, hata siki, na dawa ya kufulia yenye klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Dawa ya meno ni unga wa kukwangua tu, na chembe zake hazikupimwa kwa ajili ya klia: doa linaweza kupungua, na mahali pake ukapata ukungu wa mikwaruzo. Wapo pia wanaofuta bodi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae. Inang'aa kweli siku hiyo, halafu inavuta vumbi lote la barabarani, na mipira ya milango inaharibika. Doa liko chini ya mafuta hayo, halijaguswa.

Kwa doa jipya, la wiki moja au mbili, unga wa ndimu unatosha na hauna sababu ya kushindana na kitu cha bei kubwa. Dawa ya dukani inunue kwa ajili ya milango na madoa ya zamani.

Klei

Klei ni donge laini, linafinyangika mkononi, na lina chembe ndogo za kukwangua ndani yake. Unapulizia maji yenye shampuu kwenye bodi, unaliteleza donge bila kugandamiza, nalo linang'oa kilichoota juu ya klia: ukoko wa madini, chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu wa mwembe, rangi iliyorushwa na fundi wa geti la jirani. Ukitaka kujua kama gari lako linaihitaji, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti lililooshwa. Plastiki inakuza kila kinundu, na gari linaloonekana safi kwa macho utalisikia limejaa vipele.

Ukilinganisha na siki, klei ina uwezo mpana zaidi kwa sababu haichagui aina ya uchafu. Silika iliyokaa juu ya klia inaondoka kwa klei wakati siki imeshindwa. Ila klei yenyewe inaacha mikwaruzo midogo, inayoonekana sana kwenye nyeusi na buluu ya giza, kidogo kwenye fedha, karibu haionekani kwenye nyeupe. Mwenye gari jeupe anaweza kuishia kwenye klei na nta. Mwenye gari jeusi akianza klei ajiandae kumalizia na polishi.

Donge likianguka chini, tupa. Hata ukiliosha vipi, mchanga ulioingia utachora boneti zima. Na kishimo klei haikigusi, inashughulika na kilicho juu tu.

Polishi: mkono au mashine

Hapa ndipo pesa nyingi inapotumika na uharibifu mwingi unapotokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kupiga polishi ni kunyoa klia. Unaondoa tabaka jembamba mpaka uso ufikie kimo cha chini ya kishimo, na mwanga ukipiga unarudi sawasawa. Polishi laini inaondoa kama maikroni 1 au 2. Kompaundi ya kukata inaondoa zaidi, na msasa wa maji zaidi tena. Dawa ya kuzuia mionzi ya jua iko ndani ya klia, na sehemu ya juu ikiisha iliyobaki haidumu. Kwa hiyo wanaoheshimu kazi hawapendi kuondoa zaidi ya maikroni 8 hivi kwa maisha yote ya gari. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi unaweza kupeleka gari "likapigwe kompaundi" kabla ya boneti kuanza kuchunika. Si mara nyingi.

Na gari letu la kawaida halianzi kutoka sifuri. Limetoka Japani likiwa limeshatumika miaka kadhaa (Kenya hairuhusu lililozidi miaka 8, Tanzania unakuta ya zamani zaidi), na mengi yamepigwa polishi kabla ya kuuzwa ili yavutie. Klia unayoikuta ni mabaki.

Ndiyo sababu namshauri yeyote anayetaka kazi ya mashine amuulize fundi kama ana kipima unene wa rangi. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi, unakigusisha kwenye bati kinasoma maikroni. Kikisoma 100 hadi 150, hiyo ni rangi ya kiwandani yenye nafasi. Kikisoma 80 au chini, acha mashine. Kikisoma 250, paneli imepigwa rangi mara nyingine, na ikipanda mpaka mamia mengi kuna puti, ile ya kuzibia mabonde ya bati, chini yake. Kipimo cha kawaida hakisomi kwenye bampa la plastiki, kwa hiyo hapo ni upole tu. Fundi asiye na kipima anaweza kuwa mzuri bado, lakini na aanze na polishi laini kwenye eneo dogo, akuoneshe, ndipo aendelee.

Kwa mkono, polishi laini na pedi ya sponji vinatosha kwa mikwaruzo hafifu na vivuli vya madoa kwenye eneo dogo, tuseme karibu na kitasa cha mlango au kipande cha boneti. Faida ni kwamba ni vigumu mno kuharibu klia kwa mkono. Hasara ni kwamba kishimo halisi hakitoki. Utasugua mpaka bega liume, utapata mng'ao, na tochi ya simu itakuonesha duara pale pale. Kwa gari zima lenye madoa ya kina cha pili, mkono ni kujitesa.

Mashine ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko wenye magari wengi wanavyojua. Ya kwanza inazunguka kwenye mhimili mmoja, na ndiyo iliyo kwenye gereji nyingi. Inakata haraka na inazalisha joto. Kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapokunja na klia huwa nyembamba zaidi, inachukua muda mfupi sana kupita. Utaona pedi ya sufu nyeupe imeanza kuchukua rangi ya gari, kwanza kivuli, kisha mstari, na ukifuta unakuta kwenye mkunjo kuna uzi wa rangi tofauti. Hapo klia imeisha, na kinachofuata ni rangi mpya. Mashine hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa mtu mwenye haraka inaacha mawimbi ya mwanga: kivulini gari linang'aa, ukilitoa juani unaona mistari inayozunguka kila unapohama.

Ya pili inazunguka huku ikiyumba, kwa hiyo joto halikusanyiki sehemu moja. Inachukua muda mrefu zaidi, na kwa doa lililokula sana inaweza kuhitaji kupita mara kadhaa. Lakini ni ngumu kuunguza nayo, na haiachi mawimbi. Kwa mtu anayetaka kununua mashine ya nyumbani sioni sababu ya kufikiria nyingine. Kwa fundi mzoefu, ya kwanza ni chombo kizuri cha kukata, mradi amalizie na ya pili.

Kabla ya polishi yoyote, jua kama gari lina klia. Toyota nyingi nyeusi zenye namba ya rangi 202, ile iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, zinajulikana kwa kuwa na rangi tupu isiyo na klia, laini na rahisi kuchorwa. Weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua kidogo mahali pasipoonekana. Kitambaa kikibaki cheupe, unapiga klia. Kikichukua rangi ya gari, unaondoa rangi yenyewe. Kwa 202 hilo ni la kawaida na si ajali, ila kwa gari la fedha au la lulu ujue klia imekwisha mahali hapo. Rangi isiyong'aa, ile ya mati, haipigwi polishi kabisa; ukiipiga inang'aa mabaka mabaka na hairudi.

Kitu kimoja zaidi kuhusu mng'ao wa siku ya kwanza. Kuna polishi zenye mafuta na silikoni zinazojaza mikwaruzo na vishimo bila kuvitoa. Gari linatoka likiwa kioo, na baada ya kuoshwa mara chache madoa yanajitokeza tena. Fundi akimaliza, muombe afute sehemu moja kwa spiriti iliyochanganywa nusu na maji, kisha uangalie kwa tochi. Kama doa limerudi papo hapo, limefichwa tu. Ombi hili halimvunjii mtu heshima. Anayefanya kazi safi huifanya mwenyewe bila kuambiwa.

Rangi mpya

Klia ikichunika kama ngozi iliyoungua, au rangi ikipauka mpaka chini, hakuna siki wala mashine ya kuirudisha. Piga rangi paneli hiyo. Omba 2K, rangi na klia inayochanganywa na kigumuishi, badala ya ile inayokauka kwa thina tu: ya thina inapauka mapema na inaguswa hata na petroli iliyomwagika. Anayepuliza 2K avae maski inayostahili, kwa sababu kigumuishi chake kina isosayaneti, ambazo husababisha pumu. Kopo la klia la kupulizia mwenyewe juu ya doa linaahirisha tu siku ya kuchunika. Na paneli ikitoka kwa fundi isipakwe nta wala kauri (ile kinga ngumu ya kupaka juu ya klia) kwa kama siku 30, viyeyusho vilivyomo vipate kutoka.

Tofauti na polishi, rangi mpya haipunguzi maisha ya klia, inaanza upya. Ila kupata rangi ya lulu ikafanana na paneli ya jirani ni kazi ngumu, na thamani ya gari mnunuzi akiliwekea kipima inashuka. Boneti na paa ndizo paneli ninazokubali kuzipiga kwa sababu ya jua na maji. Gari zima, mara chache sana.

Baada ya kutoa doa: nta, silanti au kauri

Watu wengi wanauziwa kauri kwa ahadi kwamba madoa ya maji hayatarudi. Ahadi hiyo si ya kweli, na ni vizuri kujua sababu kabla ya kutoa pesa ya namna ile.

Kauri hufanya maji yasimame kama shanga juu ya bodi. Gari likiwa linatembea, shanga zinakimbia na uchafu wake, safi kabisa. Gari likiwa limesimama juani, kila shanga inakauka pale ilipo na kuacha madini yake yote kwenye kiduara kimoja kidogo, kilichokolea kuliko ambavyo yangesambaa. Kwa hiyo gari lenye kauri linaloachwa likauke lenyewe kwa maji ya kisima linapata madoa, na wakati mwingine yanaonekana zaidi. Tofauti nzuri ni kwamba doa linakaa kwenye kauri kwanza, na ukiliwahi linatoka kirahisi. Ile "9H" kwenye kopo ni ugumu kwa kipimo cha penseli. Haina uhusiano na ugumu wa mawe wala wa almasi, na tabaka lenyewe huwa la maikroni moja au mbili hivi. Kokoto ya barabara ya vumbi itapita.

Pamoja na hayo, kauri iliyopakwa vizuri hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, inapunguza uchafu kushika, na kinyesi cha kunguru kinakuwa rahisi kufuta kabla hakijala klia. Kwa gari linalolala ndani na kuoshwa na mwenyewe kwa utaratibu, inalipa. Kwa gari linalooshwa barabarani na yeyote aliyepo, kwa sabuni ya unga na kipande cha godoro kilichotoka kwenye tairi sasa hivi, itachoka mapema na utakuwa umelipia kitu usichokitunza. Ikumbukwe pia kwamba inafungia chochote kilicho chini yake, kwa hiyo polishi lazima itangulie, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gharama.

Nta ya kanauba, inayotoka kwenye mti wa jamii ya mitende wa Brazil, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Boneti jeusi juani mchana linaweza kufika 70. Haiyeyuki basi, lakini haiko mbali, na kwa jua letu wiki sita hadi miezi miwili ndiyo matarajio ya haki. Ni rahisi kupaka, ina mng'ao wa joto unaopendeza sana kwenye nyeusi na maruni, na ikichoka unapaka tena bila fundi. Silanti, nta ya kutengenezwa, inakaa katikati: miezi minne hadi sita, mng'ao wake mkavu kidogo, bei isiyotisha. Nikiulizwa moja tu kwa gari la kazi la Dar es Salaam, liwe IST, Noah au Probox, nasema silanti bila kusita.

Maji yenyewe

Yote haya yanakuwa ya kurudiarudia kama uoshaji haubadiliki, na mabadiliko yake hayana gharama. Osha asubuhi au jioni, kivulini, bati likiwa baridi. Usipake sabuni gari zima. Osha na suuza sehemu kwa sehemu. Ndoo mbili, moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, na kitambaa cha tairi kisipande kwenye bodi. Suuza ya mwisho, kama unaweza, itumie maji ya mvua uliyokinga. Mvua haijapita kwenye mwamba, karibu haina madini ya kuacha. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha nyumba nayo yanakaribia hayo, na ndoo moja ya lita 20 inatosha suuza nzima. Kisha kausha. Taulo kubwa la maikrofaiba, lilazwe juu ya boneti na kuvutwa polepole, si kusuguliwa. Fungua milango na buti ufute mikunjo, maana maji yaliyojificha kwenye vioo vya pembeni hutoka ukishaondoka na kuchora mistari mlangoni.

Mvua fupi ikifuatwa na jua kali, kama ile ya vuli inayonyesha nusu saa na kukata, usiliache gari lililokuwa na vumbi. Mvua ni safi ila vumbi lililolowana si safi, nalo linaacha duara zile zile.

Vioo vina hesabu yao. Siki na unga wa ndimu ni salama kwenye kioo na ndivyo vya kuanza navyo. Vikishindwa, pamba ya chuma iliyo laini kabisa, yenye namba 0000, ikilowanishwa vizuri kwa maji ya shampuu, inatoa ukoko bila kuchora kioo cha kawaida. Isiguse rangi, plastiki za taa wala kioo kilichobandikwa tinti upande wenye tinti. Madoa yaliyokula kioo yanataka polishi ya siriamu oksidi na mashine, na kwa kioo cha mbele fanya hivyo kwa mtu anayeijua kazi hiyo, kwa sababu kusugua sehemu moja sana kunapinda taswira, na utaiona kila unapoendesha usiku huku taa za magari zikikujia mbele.